Tulifunga dola kwa 165, siku ya kulipa tukakuta iko 132. Bosi anasema ni hasara ya mhasibu. Mnasemaje?

#1 Mhasibu_Njiro
Habari zenu wakuu. Naombeni msaada kwenye hili maana ofisini kwetu limeacha uhasama ambao mpaka leo haujaisha.

Kampuni yetu inaleta tairi za malori kutoka China, inauza Tanzania na Kenya. Makao yako Arusha, tawi liko Nairobi. Tairi tunalipa kwa dola, tunauza kwa shilingi za huku na za kule. Januari 2024 shilingi ya Kenya ilikuwa inaporomoka kila wiki, dola ilishapita 160 na kila unayeongea naye Nairobi anakwambia itafika 200. Tawi lilikuwa na deni la dola laki mbili la kulipa Aprili. Mwenzangu aliyekuwa anasimamia fedha kule akaenda benki akafunga bei, mkataba wa fowadi wa miezi mitatu, 165 kwa dola. Yaani Aprili benki inatupa dola laki mbili, sisi tunawapa milioni 33, mvua inyeshe jua liwake.

Februari mnakumbuka kilichotokea, shilingi ya Kenya ikapanda ghafla. Aprili dola ikawa karibu 132. Mkataba ni mkataba, tukalipa 165. Tofauti ni milioni 6.6 za Kenya. Bosi alipoiona ile namba akasema hii hasara ina mwenyewe, mwenzangu akanyang'anywa kitengo, akapelekwa kuhesabu tairi stoo, akavumilia miezi kadhaa mwisho akaacha kazi. Na mimi kila nikipeleka wazo la kufunga bei naambiwa "unataka yakukute ya yule?"

Swali langu: ile ilikuwa hasara au haikuwa? Na haya makampuni yenye matawi nchi kumi yanafanyaje, maana kwao kila asubuhi kuna sarafu imeanguka mahali.

#2 Kabambe
Hasara mkuu, tusizunguke. Milioni 6.6 imetoka mfukoni haikurudi. Kampuni ya tairi iuze tairi, kubashiri dola itakuwa wapi miezi mitatu mbele ni kamari hata kama imeandikwa kwenye karatasi yenye nembo ya benki.

#3 Mama Kontena
Pole kwa mwenzako. Mimi niko Kariakoo miaka mingi, naleta vyombo vya nyumbani. Sijawahi kufunga bei popote. Kontena likishuka naangalia dola ya siku hiyo napandisha bei, dola ikishuka nashusha kidogo kidogo. Mteja ndo anabeba. Sijui kwa nini watu wanajipa kazi.

#4 Dirisha la Dola
Salaam. Nimekaa kwenye dawati la fedha za kigeni la benki miaka kumi na moja, sasa nimestaafu, ngoja niseme ninachokijua.

@Kabambe, anayebashiri ni yule asiyefunga. Ukiwa na deni la dola laki mbili na mapato yako ni shilingi, tayari uko kwenye mchezo, umeweka dau kwamba shilingi haitaanguka. Ukifunga bei ndo umetoka mchezoni. Mwenzake Mhasibu alitoka mchezoni, akalipia usingizi wake, basi.

Halafu watu wengi wanadhani 165 ni utabiri wa benki. Sio utabiri, ni hesabu ya riba tu. Siku zile bili za hazina za Kenya za siku 91, yaani mikopo mifupi ya serikali, zilikuwa zinalipa karibu asilimia 16 kwa mwaka, dola ilikuwa inalipa kama asilimia 5 na nusu. Benki ikikuahidi dola za Aprili inazinunua leo kwa 161, shilingi zake zinakosa riba ya asilimia 16 kwa miezi mitatu, dola zinapata hiyo ndogo, tofauti inaongezwa kwenye bei. Chukua kalamu upige, 161 inakuja 165 na pointi kidogo. Hakuna mtu benki aliyekaa akaota ndoto kuhusu Aprili.

Kwa hiyo jibu langu, hasara haikuwepo. Wangepataje kujua? Swali la kumuuliza yule mhasibu ni moja tu, je, dola ingefika 200 kampuni ingelipa lile deni bila kuyumba? Milioni 40 badala ya 33. Kama ingeyumba, alifanya kazi yake vizuri kabisa.

#5 Kabambe
Hilo ndo jibu la mtu wa benki siku zote. Mteja akipata ni akili ya benki, mteja akikosa ni "ulilipia usingizi". Hiyo milioni 6.6 ilikwenda kwa nani? Benki ilikula.

#6 Dirisha la Dola
Haikula. Nimeshasema dola zilinunuliwa Januari ile ile kwa bei ya Januari. Dola ikishuka mpaka 132, za kwake zilizoko kabatini nazo zimeshuka. Faida ya benki ni ile tofauti ndogo ya kununua na kuuza, iwe dola imepanda au imeshuka.

#7 Kabambe
Kama ilizinunua kweli. Januari 2024 Nairobi dola zilikuwa zinapatikana kwa nani? Watu walikuwa wanapanga foleni ya dola elfu kumi kumi.

#8 Kipanga wa Mlimani
Nimesoma mambo haya darasani nachangia kidogo. Kilichoiokoa shilingi ya Kenya ni kwamba Februari 2024 serikali ililipa ile Eurobondi, yaani mkopo wa dola kutoka masoko ya nje, yote ya dola bilioni 2 ya mwaka 2014, hofu ikaisha. Hakuna mwanadamu angejua siku gani itatokea, kwa hiyo naungana na Dirisha.

#9 Mombasa Kwetu
Kipanga, rekebisha hapo ndugu yangu. Februari hawakulipa yote. Walikopa Eurobondi mpya ya dola bilioni 1.5, kwa riba kali, wakainunua sehemu kubwa ya ile ya zamani kabla ya muda wake. Kilichobaki kililipwa Juni ilipoiva. Na usisahau ile hati fungani ya miundombinu ya Februari iyo iyo, riba asilimia 18 na nusu hivi, wageni wakaja na dola zao mbio mbio kuitafuta. Serikali ilikuwa yataka bilioni 70 za shilingi, ikaishia kuchukua zaidi ya bilioni 240. Dola zile ndizo zilizoishukisha bei. Mwezi mmoja tu, 160 mpaka 130 na kitu.

Na mimi nina la kusema kuhusu hiyo hasara lakini kwanza nimalize kazi ya watu, narudi.

#10 Kipanga wa Mlimani
Asante kwa sahihisho, uko sawa.

#11 Mzee wa Tunduma
Mnaongea mambo ya benki sana. Sisi wa malori hatujui fowadi lakini hatari ya dola tunaijua vizuri. Mzigo wa kutoka Dar kwenda Lubumbashi analipa mwenye mzigo kwa dola. Mkopo wa lori nilichukua kwa dola. Dola ikipanda, marejesho yanapanda na nauli inapanda, ikishuka vyote vinashuka. Sikumlipa mtu hata senti kunilinda. Kinachonisumbua ni dizeli na pesa ya njia, kwa shilingi hapa, kwa kwacha ukishavuka Nakonde, kwa dola tena Kasumbalesa. Lakini hata dizeli yenyewe EWURA wakitangaza bei kila mwezi dola imo ndani yake.

Kwa hiyo kampuni ya tairi ilikosea tangu mwanzo. Unakopa kwa dola unauza kwa shilingi, hapo hata ukifunga bei umefunga mlango huku dirisha liko wazi.

#12 Dirisha la Dola
Mzee umesema kitu ambacho makampuni makubwa yanaanza nacho kabla hata ya kupiga simu benki. Mapato na madeni viwe vya sarafu moja. BMW walijenga kiwanda South Carolina, magari ya kwanza yakatoka 1994, sababu ni nyingi lakini mojawapo ni hiyo, unauza kwa dola basi na mishahara na vyuma ulipe kwa dola. Toyota vile vile Marekani. Hiyo kinga haina mkataba wala tarehe ya kuisha.

Ila Mzee, muuza tairi wa Arusha atapata wapi wateja wa kumlipa dola? Wenye malori kama wewe labda.

#13 Mzee wa Tunduma
Aniuzie kwa dola mimi nitalipa.

#14 Mama Kontena
Kwa dola humu nchini? Mzee hukusikia kanuni za Machi 2025? Marufuku kutangaza bei wala kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Mimi fremu yangu nilikuwa nalipa kwa dola miaka yote, mwenye nyumba ilibidi abadilishe mkataba. Nilifurahi siku ya kwanza, ya pili akaniletea kodi ya shilingi ambayo ameipandisha "kwa ajili ya kujilinda". Sasa nani amelindwa hapo?

#15 Mzee wa Tunduma
Kanuni naijua, nimesahau tu kwamba tairi anauza huku. Mzigo wa transiti ni habari nyingine, mwenye mzigo yuko Kongo.

#16 Binti Muscat
Hamjambo. Zambia walijaribu hayo hayo 2012, sheria ya kukataza bei za dola, wakaifuta 2014 baada ya kwacha kuyumba. Sisemi Tanzania itakuwa hivyo, nasema tu kampuni ya nje inayoweka pesa zake mahali inahesabu na hilo, kwamba kanuni inaweza kuja asubuhi na mkataba wako wa dola ukawa karatasi.

Mimi naleta Muscat ndizi, maparachichi na viungo kutoka nyumbani. Huku riali imefungwa na dola tangu 1973, na tangu 1986 riali moja ni dola 2.60, haitikisiki. Kwa hiyo mimi nikilipa dola ni kama nalipa riali, sina wasiwasi. Msaplaya wangu wa Njombe ndo analala macho. Desemba 2024 dola ilishuka ghafla kutoka karibu 2,700 mpaka kama 2,400 na alikuwa ameshawaahidi wakulima bei kwa shilingi. Alinipigia simu usiku analia. Tukakubaliana nimuongezee kidogo kwa oda zile tatu, na mimi siku dola ikipanda sana anipunguzie. Hatukuandikishana popote, na mpaka leo tunafanya hivyo.

#17 Dirisha la Dola
Binti hicho mnachofanya wakubwa wanakiandika kabisa kwenye mkataba. Mnaweka bei ya kati, mnaweka mipaka ya juu na chini, dola ikitoka nje ya mipaka mnagawana maumivu nusu kwa nusu. Nyie mmekigundua wenyewe kwa simu ya usiku.

#18 Sokwe Mjanja
Maparachichi ya Njombe Muscat bei gani kilo, Binti? 😀

#19 Binti Muscat
Nje ya mada kaka. Inategemea msimu.

#20 Mombasa Kwetu
Nimerudi. Mimi niko upande wa chai. Mnada wa Mombasa chai yauzwa kwa dola, ya Kenya, ya Uganda, ya Rwanda, ya Tanzania, yote dola. Lakini mkulima wa Kericho analipwa kwa shilingi, wachumaji kwa shilingi, umeme wa kiwanda kwa shilingi. Sasa Januari ile nyie mlikuwa mwalia dola yapanda, sisi tulikuwa twacheka. Februari ikageuka. Chai ile ile, bei ile ile ya mnada, dola ile ile, na shilingi zimepungua karibu moja katika kila tano. Mishahara haikupungua.

Kampuni niliyokuwamo, siitaji, mkuu wa fedha aliambiwa Januari auze dola za miezi mitatu mbele kwa 165. Akakataa, akasema "kwa nini nifunge 165 na itafika 180?" Huyo hakunyang'anywa kitengo. Yuko mpaka leo.

Mwaona basi? Mkataba ni ule ule mmoja. Mwenye tairi kaufunga kaitwa mwizi, mwenye chai kaukataa hakuulizwa. Hasara ya kutofunga haiandikwi popote. Wallahi jambo hili laniuma mpaka leo kwa sababu waliopunguzwa kazi mwaka ule ni watu wa chini.

#21 Mhasibu_Njiro
Mombasa Kwetu umenigusa. Ndo hicho hicho. Wala bosi hakuwahi kumuuliza mtu kuhusu miaka ambayo hatukufunga, 2022 na 2023 shilingi ya Kenya ilitoka 113 mpaka 157, kila kontena lilikuwa linatukata na hakuna aliyepelekwa stoo.

#22 Fundi Vitabu
Habari. Mimi ni mkaguzi wa mahesabu. Naomba niulize, Mhasibu, ile milioni 6.6 bosi aliionaje? Iliandikwa mstari wake peke yake?

#23 Mhasibu_Njiro
Ndio. "Hasara ya mikataba ya fedha za kigeni". Nyekundu.

#24 Fundi Vitabu
Basi nusu ya ugomvi wenu uko hapo. IFRS 9, kanuni ya kimataifa ya mahesabu inayotumika tangu 2018, inaruhusu ukiandika mapema kabisa, siku unayofunga, kwamba mkataba huu unalinda ununuzi huu wa tairi, kiasi hiki, tarehe hii, faida au hasara yake inaingia kwenye gharama ya tairi zenyewe badala ya kusimama peke yake. Ingeonekana tu kwamba tairi zimegharimu milioni 33, kama mlivyopanga. Ila lazima karatasi ziwepo siku ile ile, huwezi kurudi nyuma Aprili ukaandika baada ya kuona matokeo. Kampuni nyingi za kati huku hazifanyi, zinaona ni usumbufu. Nimeona kampuni mbili zimeacha kabisa kufunga bei kwa sababu tu bodi iliogopa ule mstari mwekundu.

#25 Kabambe
Kwa hiyo dawa ni kuificha?

#26 Fundi Vitabu
Sio kuificha, maelezo yote yanatolewa nyuma ya hesabu. Ni kuiweka karibu na kitu ilichokuwa inakilinda. Ukitenganisha mwavuli na mvua, mwavuli unaonekana gharama tu.

#27 Juba Juu
Wakuu nawasoma tangu mwanzo. Mnabishana 165 na 132, mimi nawaambia hiyo ni hatari ndogo. Hatari yenyewe ni pale pesa unayo na huwezi kuitoa.

Nilikuwa Juba nauza vifaa vya ujenzi, bidhaa zinatoka Kampala na Nairobi. Dola ya serikali ilikuwa pauni 2.95 lakini ya serikali huipati, ya mtaani ilikuwa juu mara kadhaa. Tarehe 15 Desemba 2015 wakaiachia ipangwe na soko, ikalala 18 na nusu kwa siku moja. Nilikuwa na pauni benki, za mauzo ya miezi minne, nasubiri foleni ya dola. Benki za Kenya zilizokuwa na matawi kule nazo mahesabu yao yalichafuka mwaka ule. Hakuna benki ingekuuzia fowadi ya pauni ya Sudan Kusini, hata ungetaka. Kinga haipo sokoni kwa wale wanaoihitaji zaidi.

Nikajifunza kwa uchungu, nchi kama ile pauni haitakiwi kulala. Ukiuza asubuhi, jioni nunua kitu, ufuta, ngozi, mafuta ya jenereta, chochote kitakachovuka mpaka.

#28 Mama Kontena
Pole sana baba. Hiyo ya kugeuza pesa kuwa mzigo hata akina mama wa Namanga wanafanya. Mtu anauza vitunguu upande wa Kenya, harudi na shilingi za Kenya, anarudi na mabeseni. Wachenji hawamuoni.

#29 Kipanga wa Mlimani
Juba Juu ni kweli. Mashirika ya ndege ndo yanaumia sana hapo. Emirates ilisimamisha safari zake Nigeria mwaka 2022 kwa sababu pesa za tiketi zilikwama kule kwa naira, ikarudi Oktoba 2024.

Na kuna aina nyingine ambayo hamjaigusa. Safaricom Ethiopia. Walianza huduma Oktoba 2022, leseni pekee walilipa dola milioni 850. Tarehe 29 Julai 2024 Ethiopia ikaiachia birr, dola ilikuwa kama birr 57, ndani ya wiki chache ikapita 100. Wateja wale wale, minara ile ile, lakini ukigeuza mapato ya kule kuwa shilingi za Kenya kwenye hesabu za kundi yamekatwa karibu nusu. Na vifaa vya mtandao vinalipwa dola. Sasa hiyo utaifungia bei gani, na kwa muda gani? Huwezi kufunga miaka kumi ya biashara ambayo bado hujaifanya.

#30 Dirisha la Dola
Kwenye hizo wakubwa wanachofanya ni kukopa kule kule. Ukikopa birr, birr ikianguka deni nalo linaanguka. Tatizo mabenki ya kule hayana mikopo mikubwa ya kutosha na riba inauma. Kuna mfuko wa TCX, uko Amsterdam tangu 2007, kazi yake ni kubeba hatari za sarafu ambazo benki za kawaida hazizigusi, lakini bei yake sio ya mchezo. Na kwa zile za Juba Juu, pesa kukwama au serikali kutaifisha, kuna bima, ATIDI wako Nairobi, MIGA wa Benki ya Dunia tangu 1988. Muuza mabati wa kawaida hafiki huko, najua.

Halafu kuna kitu rahisi ambacho kundi lolote lenye matawi linaweza, kufuta madeni ya ndani. Kampala inaidai Nairobi dola 80, Nairobi inaidai Dar 100, Dar inaidai Kampala 90. Wengi wanatuma zote tatu, 270, na kila moja benki inakata. Ukikaa chini mwisho wa mwezi, Nairobi na Kampala kila mmoja anapokea kitu, Dar anatoa, basi, ni dola ishirini tu.

#31 Sokwe Mjanja
Dirisha nimepiga hesabu yako haikubali. Kampala inadai 80 inadaiwa 90, kwa hiyo inatoa 10. Nairobi inadai 100 inadaiwa 80, inapokea 20. Dar inadai 90 inadaiwa 100, inatoa 10. Kampala hapokei kitu mzee.

#32 Dirisha la Dola
Umenikamata, Kampala anatoa. Ishirini iko pale pale lakini. Asante, maparachichi hayajakulewesha.

#33 Fundi Vitabu
Na mkifanya hivyo muwe na karatasi za kila deni. TRA na KRA wote watataka kujua tawi lilimuuzia ndugu yake kwa bei gani, na kodi ya zuio haifutwi kwa sababu nyie mmefutiana deni.

#34 Kabambe
Naomba kurudi kwenye mada. Mhasibu, zile tairi mliziuza bei gani?

#35 Mhasibu_Njiro
Hapa ndo pagumu, sikutaka kupasema mwanzo ila nitasema. Bei ya Nairobi tuliipanga kwa 165 tukaongeza faida yetu ya kawaida. Aprili na Mei zilikwenda vizuri. Mwisho wa Mei jirani yetu ambaye hakufunga kitu alishusha mzigo aliolipia kwa 130, akatangaza bei ya chini kuliko gharama yetu. Tukabaki na tairi zaidi ya mia nne mpaka Septemba, tukauza kwa kujikaza.

#36 Kabambe
Asante. Sasa Dirisha, usingizi wa nani huo uliolipiwa? Walijilinda na dola wakasahau jirani.

#37 Mama Kontena
Ndo maana nasema mimi nakwenda na soko. Wote Kariakoo tunapanda pamoja tunashuka pamoja. Ukifunga bei peke yako umejitenga na wenzako, ukipatia unawaua, ukikosea wanakuua.

#38 Dirisha la Dola
Hilo ni la kweli na sitalipinga. Kabla ya kufunga lazima uangalie washindani wako wanafanya nini. Ila mgeuze, dola ingefika 200, jirani angeshindwa kushusha mzigo kabisa na Nairobi nzima ingenunua kwa Mhasibu. Kosa ninaloliona ni kufunga yote laki mbili. Ningemshauri afunge nusu, au theluthi mbili, kingine kiachwe. Au anunue opsheni, unalipa ada, bei ikienda vibaya unaitumia, ikienda vizuri unaitupa unanunua sokoni. Mwezi ule ada ingekuwa kubwa kwa sababu kila mtu aliogopa, lakini isingefika 6.6.

#39 Kipanga wa Mlimani
Mfano wa asiyefunga kabisa ni Laker, mwenye shirika la ndege la Uingereza. Alikopa dola kununua ndege za DC-10, abiria wake wengi wanalipa pauni. Mwaka 1980 pauni ilikuwa karibu dola 2.40, mwanzo wa 1982 iko chini ya 1.90. Februari 1982 akafilisika. Sababu zilikuwa nyingi, mashirika makubwa yalimbana kwa nauli, lakini deni la dola lilimkaba.

#40 Kabambe
Na mfano wa aliyefunga ni Kenya Airways 2008. Walifunga dola wakala hasara ya bilioni 4.

#41 Mombasa Kwetu
Walifunga bei ya mafuta, si dola. Pipa lilifika dola 147 Julai 2008, kila shirika likaogopa. Desemba liko chini ya 45. Mwaka wao ulioishia Machi 2009 ukatoka na hasara ya bilioni 4 hivi, sehemu kubwa ni ile mikataba. Lakini somo ni lile lile, watu hufunga siku wameshaogopa. Mwafunga kileleni. Ile Januari 2024 nayo ilikuwa kilele.

#42 Kabambe
Asante kwa mafuta. Sasa hapo Mombasa umekuja upande wangu.

#43 Mombasa Kwetu
Sikuja upande wako. Nasema wafunge kila mwezi, kidogo kidogo, mwaka mzima, ikiwa baridi ikiwa moto, bila kuuliza dola yaenda wapi. Ukifunga kwa ratiba hakuna mwezi mmoja wa kumlaumu mtu. Kampuni niliyoko sasa twafanya hivyo, sera imeandikwa na kupigwa sahihi na bodi, asilimia ngapi, miezi mingapi mbele, nani anaruhusiwa kupiga simu. Mkuu wa fedha hana uhuru wa kuota.

#44 Juba Juu
Kwa shilingi ya Kenya inawezekana. Kwa birr, pauni, franka ya Burundi, ratiba ya nini? Nani atakuuzia?

#45 Mzee wa Tunduma
Ndo nilisema, kopa kwa sarafu unayoingiza.

#46 Mhasibu_Njiro
Nashukuru sana wote. Nimechapisha #24, #38 na #43 nimempa bosi asubuhi. Ameisoma ya Fundi mara mbili. Akasema suala la nusu na ratiba atalifikiria, akaniuliza shilingi ya Kenya imesimama 129 tangu katikati ya 2024, haijasogea, sasa tunalipia kinga ya nini? Sikuwa na jibu la haraka. Dirisha?

#47 Dirisha la Dola
Mwambie naira nayo ilisimama 460 muda mrefu, Juni 2023 wakaiachia, Februari 2024 ikapita 1,500. Sarafu iliyotulia sana inaniogopesha kuliko inayocheza. Na ikitulia na riba zikashuka, fowadi inakuwa rahisi, huo ndo wakati wa kununua.

#48 Kabambe
Kenya sio Nigeria. Ina akiba, ina chai, ina pesa za diaspora.

#49 Mama Kontena
Mhasibu, yule mwenzako yuko wapi sasa?

#50 Mhasibu_Njiro
Yuko Kampala mama, kampuni ya dawa za mifugo. Anasimamia fedha za nchi nne. Nilimpigia juzi nikamsomea uzi huu. Akaniambia jambo moja tu, kwamba ile Januari alimuomba bosi kwa barua pepe ruhusa ya kufunga nusu, bosi akamjibu "funga yote". Barua anayo.